Karamu ya Harusi ya Kirumi: Kilichopotea na Kilichobaki Jikoni



Hivi mnajua kwamba iliwahi kuwako dola iliyopanga kwa sheria kiasi cha pesa za kutumia kwenye chakula cha harusi? Hatusemi nasaha za masheikh wala maneno ya bibi zetu. Tunasema sheria ya nchi, yenye tarakimu zake. Kaisari Augustus wa Roma, aliyetawala mpaka mwaka 14 Miladia, aliweka kwamba chakula cha siku ya kawaida kisizidi sesterti 200, cha sikukuu kisizidi 300, na cha harusi, pamoja na ile karamu ya siku ya pili nyumbani kwa mume, kisizidi 1,000. Sesterti ilikuwa sarafu yao. Ili upate picha, askari wa kawaida wa jeshi lake alilipwa sesterti 900 kwa mwaka mzima. Basi hata hicho kilichoitwa kikomo kilizidi mshahara wa askari wa miezi kumi na mbili, na chote kiishie kwenye masinia.

Haikusaidia. Muda si mrefu likatoka tangazo jengine la kupandisha viwango mpaka sesterti 2,000 kwa baadhi ya siku. Ilipofika mwaka 22, Kaisari Tiberius aliombwa na baraza lake azibane karamu upya, akawaandikia barua ndefu kuwaeleza kwamba hana nia ya kufanya hivyo. Alikwishaona kwamba sheria ya sahani haishikiki.

Tumeichagua mada hii kwa sababu msimu wa harusi ukikaribia, kila kikao cha familia huishia kwenye chakula: biriani au pilau, kuku au mbuzi, wageni mia tatu au mia tano, na nani atakopa. Wengi wetu tunaamini kwamba karamu kubwa ndiyo inayokumbukwa. Warumi waliliamini hilo kuliko watu wote, na walikuwa na pesa za kulijaribu. Kwa hiyo ni watu wazuri wa kuwatazama: walipika nini, na baada ya miaka elfu mbili kipi bado kinaliwa?

Kuku mmoja, na jogoo wa ujanja

Sheria ya Augustus haikuwa ya kwanza. Mwaka 161 kabla ya Miladi ilipitishwa sheria iliyoitwa ya Fannius, na ndani yake mlikuwa na sharti la kuchekesha: mezani pasiwekwe ndege ila kuku jike mmoja tu, tena awe hakunoneshwa. Kwa nini kuku jike? Kwa sababu matajiri walikuwa wakiwafungia kuku na kuwalisha mpaka wanenepe kupita kiasi. Basi wenye ujanja wakaisoma sheria vizuri, wakaona inasema kuku jike, haisemi jogoo. Wakaanza kuwanonesha majogoo kwa chakula kilicholowekwa maziwa. Habari hii tumeipata kwa Pliny, mwanachuoni wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Aliandika vitabu 37 vya elimu ya viumbe, na kila alipofika kwenye chakula alinung'unika kama mzee aliyekaa barazani.

Na ilikuwepo sheria nyengine iliyowagusa wanawake moja kwa moja. Mwaka 215 kabla ya Miladi, katikati ya vita, Roma ilipiga marufuku mwanamke kumiliki dhahabu zaidi ya nusu wakia au kuvaa nguo za rangi za fahari. Miaka ishirini baadaye vita vilikwisha lakini sheria ikabaki. Wanawake wakatoka majumbani, wakajaa njiani, wakawazuia viongozi wakienda barazani mpaka ikafutwa, mwaka 195. Kwa dhahabu walisimama hadharani. Kwa chakula hakuna aliyejisumbua kuandamana, kila mtu aliidanganya sheria kimya kimya jikoni kwake.

Jikoni kwake, tunasema, lakini aliyesimama mbele ya moto hakuwa mwenye nyumba. Katika nyumba za wakubwa wapishi walikuwa watumwa. Mwanahistoria Livy anaeleza kwamba zamani mpishi alikuwa mtumwa wa bei ya chini kabisa. Majeshi yalipopata ushindi huko Asia na kurudi mwaka 187 kabla ya Miladi na anasa za mashariki, mpishi akawa mtu wa thamani, na kazi ya utumwa ikaanza kuitwa fani. Majina yao hayakuandikwa. Jina lililobaki kwenye kitabu cha mapishi ni la bwana aliyekula.

Bwana huyo ni Apicius, tajiri wa zama za Tiberius. Mwenzake wa karne hiyo hiyo, Seneca, anasimulia kwamba Apicius alimwaga sesterti milioni 100 kwenye jiko lake. Siku moja akapiga hesabu akakuta amebakiwa na milioni kumi. Milioni kumi! Mtu angeliweza kuishi nazo na wajukuu. Yeye akaona hiyo ni njaa, akanywa sumu. Miaka mingi baadaye, pengine katika karne ya 4 au ya 5, yalikusanywa mapishi karibu 500 na kitabu kikaitwa kwa jina lake. Ndicho kitabu kikubwa pekee cha mapishi ya Kirumi tulicho nacho leo. Nakala zake mbili za zamani zilinakiliwa kwa mkono katika karne ya 9, na mwaka 1498 kikapigwa chapa mjini Milan.

Ukikisoma kitabu hicho kwa haraka utakumbana na mambo ya kukutoa hamu: panya wa mwituni waliojazwa nyama, ndege flamingo, matumbo ya nguruwe ya kila namna. Hayo ndiyo wanayoyapenda watengeneza filamu. Nayo ndiyo yaliyokufa bila kuacha mtoto. Hakuna nyumba leo inayopika flamingo kwa sababu bibi yao alirithi kutoka Roma.

Watu wa kawaida walikula nini? Uji mzito wa ngano walioita puls, mkate, dengu na kunde, kabichi, zaituni, vitunguu, jibini kidogo. Mjini Roma masikini waliishi kwenye vyumba vya ghorofa visivyokuwa na jiko, hivyo wakinunua chakula cha moto njiani, kama watu wanavyoteremka Forodhani jioni, isipokuwa wao hawakuwa na nyumbani pa kupikia. Katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya ule mlipuko wa 79, vibanda vya chakula bado vimesimama, na meza zao za mawe zenye mitungi iliyozamishwa ndani. Katika tanuri la mwoka mikate mmoja ilikutwa mikate 81 imegeuka mkaa, ya duara, imekatwa alama za vipande vinane. Ukiiona picha yake huhitaji kuambiwa ni nini.

Harufu ya jiko lao

Sasa tuingie jikoni hasa, maana hapa ndipo penye mambo.

Tuanze na kiungo ambacho hakikosekani karibu katika kila pishi la Apicius: mchuzi wa samaki, garum au liquamen. Ulitengenezwa kwa samaki wadogo na matumbo ya samaki, vikatiwa chumvi nyingi na kuachwa juani kwa miezi mpaka vikayeyuka. Yale maji ya rangi ya kahawia yaliyochujika ndiyo yaliyotiwa chakulani badala ya chumvi. Usikunje uso. Aliyezoea ng'onda na papa mkavu anajua kwamba harufu ya sokoni na ladha ya chunguni ni vitu viwili. Viwanda vyake, vile visima vya kuchachulia, vinaonekana mpaka leo kwenye pwani za Hispania, Morocco na Tunisia. Mfanyabiashara mmoja wa Pompeii, Umbricius Scaurus, alitajirika kwa garum hata akaweka picha za mitungi yake ya mchuzi kwenye sakafu ya nyumba, kwa vijiwe vya rangi. Ilikuwepo na garum iliyotengwa kwa ajili ya Mayahudi na masharti yao ya chakula, na chombo chenye maandishi yake kimekutwa huko huko Pompeii. Kwa maneno mengine, suala la kuuliza "hiki kina nini ndani?" kabla ya kununua ni la zamani sana sokoni.

Kiungo cha pili kitawashangaza. Warumi waliupenda mmea uitwao silphium, uliomea Cyrene, katika Libya ya leo. Utomvu wake ulitiwa katika nyama, dengu, michuzi, hata dawa. Haukukubali kulimwa, ulimea wenyewe tu, na watu wakauvuna na mifugo ikaula mpaka ukaisha. Pliny anasema katika uhai wake ulipatikana mche mmoja, ukapelekwa kwa Kaisari Nero kama tunu. Ulipokwisha wakageukia utomvu wa mmea wa jamaa yake kutoka Uajemi, wenye harufu kali zaidi lakini ukiingia kwenye mafuta ya moto hutulia na kuwa mtamu. Huo si mwengine ila mvuje. Ndiyo, mvuje huu huu ambao kwetu bibi humfungia mtoto mchanga, na ambao jikoni wenzetu wa Kihindi wanautia katika dengu. Katika jiko la Roma ulikuwa kiungo cha fahari.

Na kwa kuwa ulikuwa ghali, kitabu cha Apicius kina akili moja ya kubana matumizi ambayo tumeipenda kuliko mapishi yake yote. Chukua chupa, tia mvuje kidogo pamoja na kokwa ishirini hivi za msonobari. Ukitaka kupika, usiguse mvuje wenyewe. Toa kokwa kadhaa zilizokwisha kunywa harufu, zisage utie chunguni, kisha rudisha kokwa nyengine idadi ile ile. Wakia moja itakudumu muda mrefu. Hii si sauti ya tajiri wa milioni mia. Hii ni sauti ya mpishi.

Kiungo cha tatu ni pilipili manga. Apicius anaitia kila mahali, hata kwenye vitamu. Ilitoka pwani ya Malabar, kusini mwa India, kwa majahazi yaliyotoka bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu wakati wa kusi na kurudi na kaskazi, pepo zile zile tunazozijua sisi. Katika bandari ya Berenike wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mtungi wa Kihindi wenye kilo saba na nusu za pilipili manga, imelala humo kwa karne nyingi. Roma yenyewe ilikuwa na maghala maalumu ya pilipili. Ratili moja ya pilipili nyeusi iliuzwa denari 4, na nyeupe denari 7, kwa mujibu wa Pliny, ambaye bila shaka alilalamika. Alishangaa watu wanakipendea nini kitu ambacho sifa yake pekee ni kuwasha.

Njia hiyo ya bahari inatufikia na sisi. Katika karne ya 1 Miladia mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anaitaja pwani yetu kwa jina la Azania, soko la Rhapta, na kisiwa cha Menouthias chenye kasa na majahazi ya kushonwa kwa kamba, ambacho wanahistoria wanakibishania kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Anawataja pia Waarabu waliokuja kufanya biashara, wakaoa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Kutoka kwetu walichukua pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Magamba hayo Roma yalichongwa vipande vyembamba na kubandikwa kwenye vitanda vya kulia chakula, maana wakubwa wa Kirumi walikula wamejilaza ubavu. Ng'amba wa bahari hizi walifika kwenye karamu zao. Kwa upande wa chakula, mwandishi anasema meli zilileta huku ngano kidogo na mvinyo kidogo, si kwa kuuza, bali zawadi za kutafuta mapenzi ya wenyeji. Karafuu, kwa wanaouliza, haimo katika habari hiyo. Kwetu imeletwa karne ya 19.

Juisi ya zabibu na kidole cha Sayyidna Umar

Roma ya magharibi ilianguka katika karne ya 5, lakini ya mashariki, yenye mji mkuu Constantinople, ikaendelea. Warumi tunaowasoma katika Suratur-Rum ni hao. Walitawala Sham na Misri mpaka Waislamu walipoingia, Damascus katika miaka ya 630 na Misri muda mfupi baadaye. Dola ikabadilika, lakini matanuri, mashamba ya mizeituni na mashine za kukamulia zabibu zikabaki zilipo, na watu wake nao. Hapo ndipo tunapopata kisa ambacho, kwa maoni yetu, kinaeleza urithi wa chakula vizuri kuliko kitabu chochote cha wapishi.

Warumi hawakuwa na sukari ya kupikia. Sukari waliijua kwa mbali kama dawa kutoka India. Walitumia asali, na asiyeimudu asali alitumia juisi ya zabibu iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Pliny anaeleza viwango: ikichemka mpaka ikabaki nusu huitwa defrutum, ikibaki thuluthi huitwa sapa. Waliitia katika michuzi, katika matunda ya kuhifadhi, katika keki. (Waandishi wao wa kilimo wakashauri ichemshiwe katika vyungu vya risasi, kwa kuwa shaba huharibu ladha. Risasi ni sumu. Ladha iliwafurahisha, mwili hatujui ulisema nini.)

Sasa msikilize Imam Malik katika Muwatta. Sayyidna Umar bin Khattab, radhiyallahu anhu, aliyekuwa khalifa kuanzia 634 mpaka 644, alifika Sham. Watu wakamlalamikia maradhi na uzito wa hali ya hewa ya nchi, wakasema hakuna kinachowafaa ila kile kinywaji chao cha zabibu. Akawaambia wanywe asali. Wakasema asali haiwafai. Mtu mmoja wa nchi ile akauliza, je, wakimtengenezea kutokana na kinywaji hicho kitu kisicholevya? Akakubali. Wakakipika mpaka thuluthi mbili zikaondoka na thuluthi moja ikabaki, wakamletea. Sayyidna Umar akatia kidole, akakiinua, kikavutika kama uji wa asali. Akasema hiki kinafanana na ile dawa nzito wanayopakwa ngamia, na akawaruhusu. Sahaba Ubada bin Samit akashtuka, akamwambia umewahalalishia. Akajibu kwa kiapo kwamba hapana, na akamuomba Mwenyezi Mungu kwamba yeye hawahalalishii alichokiharamisha Yeye wala hawaharamishii alichokihalalisha.

Thuluthi moja. Kipimo kile kile cha Pliny, katika nchi iliyokuwa jimbo la Roma kwa karne saba. Yule mtu wa Sham hakubuni kitu siku ile. Alipika alichojifunza kwa mama yake. Khalifa hakukitupa kwa sababu ni cha Warumi, wala hakukipokea kwa sababu wenyeji wanakipenda. Alikitia kidole akakitazama. Leo kitu hicho kinaitwa dibs katika nchi za Sham, pekmez Uturuki na saba Italia, na kinaliwa na watu wa dini zote. (Hukumu za vinywaji vya zabibu wanazuoni wamezifafanua kwa urefu, kwa hilo muulizeni sheikh wenu, sisi hapa tunasimulia historia.)

Mchuzi wa samaki nao ulipata ndugu. Katika vitabu vya mapishi vya Kiarabu, kuanzia kile cha Ibn Sayyar al-Warraq cha Baghdad katika karne ya 10, kuna kiungo kiitwacho murri, maji meusi ya chumvi yaliyotengenezwa kwa unga wa shayiri uliovundikwa kwa wiki nyingi. Andalusia walikuwa na namna nyengine ya samaki hasa. Baadhi ya wataalamu wanalilinganisha neno murri na muria, neno la Kilatini la maji ya chumvi. Kilatini kiliingia Kiarabu kwa milango mingine pia: furn, yaani tanuri la mkate, ni furnus ya Warumi iliyopitia kwa Wagiriki, na dinari ni denarius. Garum yenyewe Ulaya ilififia karibu kote, ila katika kijiji cha Cetara, kusini mwa Italia, bado wanachuja maji ya dagaa waliotiwa chumvi kwenye mapipa na kuyamwagia chakulani.

Tusizidishe lakini. Kuna tabia ya kusema kila kitu kimetoka Roma. Pilau na biriani havijatoka huko, majina yake yenyewe yanaelekea Uajemi na India. Tanuri letu lina jina lililo kongwe kuliko Roma. Na chakula cha Kiitaliano mnachokiona kwenye simu, chenye nyanya nyekundu, Kaisari hakukijua. Nyanya, mahindi, viazi na pilipili mbuzi vilitoka Amerika baada ya 1492.

Keki ya kufungasha

Na harusi yenyewe? Makabaila wa zamani wa Roma walikuwa na ndoa ya mkate: bwana na bibi harusi walikula mkate wa ngano ya kale iitwayo far, mbele ya mashahidi kumi, kwa ibada ya mungu wao Jupiter. Hiyo ilikuwa ibada ya masanamu na imekwisha na masanamu yake.

Kilichotuvutia zaidi ni mustaceum. Cato, aliyeandika kitabu cha shamba karibu miaka 160 kabla ya Miladi, anatoa vipimo: unga wa ngano kipimo cha lita karibu tisa, ulowekwe kwa juisi mpya ya zabibu, utiwe anisi, uzile, ratili mbili za shahamu, ratili moja ya jibini, na gome la kijitawi cha mlauri lililoparwa. Kisha vikeki vipangwe juu ya majani ya mlauri, yale makavu ya kunukia yanayouzwa madukani kwa ajili ya supu, na viokwe. Shahamu yao ya kawaida ilikuwa ya nguruwe, kwa hiyo kwetu ni samli, na hakuna kitakachopungua. Mshairi Juvenal, mtu wa ulimi mkali, anamcheka mwanamume anayepoteza pesa kwa karamu ya harusi na kwa vikeki hivi wanavyopewa wageni waliokwisha kushiba shughuli ikielekea kumalizika. Soma tena sentensi hiyo. Mgeni ameshiba, anaaga, na mkononi anatiwa keki. Vile viboksi vyetu vya keki, visheti na halua, tunavyovihesabu usiku kucha tukiogopa visitoshe, vina wenzao wa miaka elfu mbili.

Hatusemi msifungashe. Walima ni sunna, na Abdurrahman bin Auf aliambiwa na Mtume (S.A.W.) afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Tunachowaomba maharusi ni kutazama orodha ya mapishi na kuuliza kila sahani: hii inalisha wageni, au inawajibu majirani? Sahani za kuwajibu majirani ndizo zinazokopewa, na deni lake mume na mke hulianza wakiwa bado na hina mikononi.

Kwa atakayependa kuonja, tumechagua pishi mbili za Apicius zisizo na shaka ndani yake. Zote ni rahisi hata kwa shughuli ndogo ya nyumbani.

Ya kwanza ni ya maziwa. Chukua maziwa nusu lita, yakoroge na asali kwa kiasi cha utamu uupendao, vunja mayai matano, changanya mpaka viwe kitu kimoja, chuja. Pika kwa moto mdogo mpaka ikamate. Sisi tunaweka bakuli ndani ya sufuria ya maji ili isishike chini. Ikiwa tayari nyunyizia pilipili manga iliyosagwa. Wenye kutaka iliki watie iliki, lakini onjeni kwanza ile ya asili.

Ya pili ni tende, na hii ndiyo tunayoipendekeza kwa sinia la bibi harusi. Toa kokwa, jaza ndani lozi, au korosho kwa kuwa za kwetu zipo, au chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Zigaragaze kwenye chumvi kidogo sana kwa nje. Chemsha asali kwenye kikaango mpaka ianze kutoa povu, tia tende, zigeuze mara mbili tatu, utoe. Chumvi ndiyo siri yake, usiiache. Zitandaze kwenye sahani zisigusane, maana zikipoa hugandana, na uzipeleke zikiwa na uvuguvugu pamoja na kahawa chungu. Ratili mbili za tende zinatosha watu ishirini, kwa sababu ni tamu na hakuna anayekula nyingi.